Nani Anaosha Choo Nyumbani Kwenu?

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, karibu nusu yake akiwa msimamizi wa kliniki yetu ya pampu za moyo, Sista anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Ameomba aondoke mwaka mmoja kabla ya muda wake. Sababu inajulikana na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu: mume wake naye amewekewa pampu ya moyo. Mume huyo hapa tunamwita Refa, kwa kuwa alichezesha mpira miaka mingi na mpaka leo hapendi kubishiwa. Sista alituambia kwamba amewalinda waume wa watu vya kutosha, sasa anakwenda kumlinda wake.

Wiki mbili zilizopita Refa nusura atutoke. Kwa kawaida maandishi ya kuagana hayaingii chumbani kwa mtu, yanaishia sebuleni kwenye picha na vyeti. Lakini Sista mwenyewe ameagiza jambo hilo liandikwe waziwazi, tena ametishia kwamba asipolikuta kwenye ratiba ya sherehe ataahirisha kustaafu. Tunamfahamu, anaweza. Basi litaandikwa, ila kwa zamu yake, maana bila kueleza alichokifanya hapa miaka yote hii halitaeleweka.

Mwandishi wa maneno haya ni mfamasia wa kliniki, ambaye dirisha lake la dawa linatazamana na meza ya Sista. Kwa hiyo amemwona akicheka, amemwona akinuna, na amemwona akila karanga za watu huku akisema anaonja tu.

Sista alianza kazi wodi ya upasuaji ya wanaume, akasifika kwa mambo mawili: mkono mwepesi wa sindano na ulimi usio na breki. Kliniki ya pampu ilipofunguliwa aliletwa kwa muda tu, azibe pengo la mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenzake alirudi, akazaa tena, akahama, mtoto wa kwanza sasa anaota ndevu, na Sista bado anaziba pengo.

Kwa wageni wetu, pampu ya moyo ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Hushonewa kwenye moyo uliochoka ili kiusaidie kusukuma damu, na waya mwembamba hutoka tumboni hadi kwenye betri zinazovaliwa kiunoni. Mwenye pampu anatembea, anakwenda harusini, anagombana na jirani kama watu wote. Adui yake mkubwa ni damu kuganda ndani ya kifaa hicho. Bonge dogo likijishikiza humo, pampu huanza kusaga chembe za damu badala ya kuzipitisha, na mwisho inaweza kukwama. Bonge likigunduliwa mapema, dawa ya mshipani mara nyingi hulimaliza. Likichelewa kugunduliwa, ni kupasuliwa upya, au ni msiba.

Mashine ina kengele yake, ila mara nyingine hulia watu wameshachelewa. Kwa wagonjwa wengi wa kwetu kuna dalili inayotangulia: mkojo hubadilika rangi. Damu iliyosagwa hutokea huko, na kinachoonekana asubuhi chooni kinafanana na chai ya rangi iliyokolea majani. Dalili haihitaji mashine wala maabara. Inahitaji mtu aangalie, halafu aseme. Kuangalia si kazi. Kusema ndiko kulikotutoa jasho.

Tulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mgonjwa wa kwanza kliniki hii kumpoteza kwa bonge la damu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno matamu, aliyewahi kumshonea Sista gauni akakataa kulipwa. Kila tulipompigia simu kumjulia hali alijibu kwamba hajambo, nyumbani wazima, anamshukuru Mungu, na sisi je, hatujambo? Tukaridhika. Mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa hali hujibu hivyo hata kama nyumba inaungua. Kisha siku moja akaanguka kwenye cherehani yake, na alipofikishwa kwetu pampu ilikuwa imeshakwama.

Tulikwenda kuhani. Uani, kwenye kuosha vyombo, Sista alikaa na mke wa mdogo wa marehemu, mama mmoja mpole ambaye ndiye aliyekuwa akisafisha nyumba. Mama yule alimwambia, huku anasugua sufuria, kwamba choo cha shemeji kilikuwa na maji meusimeusi siku kadhaa kabla. Aliyaona. Lakini yule ni shemeji yake mkubwa, angeanzaje kumtajia habari za haja ndogo? Na hata angetaka kusema, angemwambia nani? Hakuna aliyemuuliza. Hakuwa akijitetea, alikuwa anaeleza tu, na hakujua kabisa uzito wa anachokieleza. Sista hakumwambia. Mpaka leo hajamwambia, na ametuomba na sisi tusimtaje zaidi ya hapa.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, alisimama akasema kwamba hataki tena kumzika mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa unajulikana nyumbani kwake. Tangu siku ile kazi yake yote imekuwa hiyo ahadi moja.

Akaweka sharti. Hakuna mwenye pampu atakayeruhusiwa kwenda nyumbani mpaka aletwe mtu anayeosha choo cha nyumba hiyo, afundishwe, na namba yake ya simu iwe kwetu. Mkewe mgonjwa aje, mtoto wake wa kwanza aje, karibuni sana, viti vipo. Lakini mwosha choo ndiye mgeni rasmi. Daktari wetu wa upasuaji aliposikia swali lile kwa mara ya kwanza, akiulizwa mzee mmoja aliyevaa suti, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Ndiye aliyempa jina la Sista Choo. Sista alilipokea kama cheo. Wanawe walilalamika kwamba mama wa wenzao wanaitwa majina ya maana, akawajibu kwamba mama wa wenzao hawana kazi ya maana. Na daktari yule yule leo hamruhusu mgonjwa kuondoka kabla ya kuuliza mwenyewe, tena kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo: nani anaosha choo nyumbani kwenu?

Swali lilileta watu, lakini halikulegeza ndimi. Kama ni binti wa kumzaa, anaona haya kidogo lakini atasema. Mkwe je? Mwambie mke wa mtoto akupigie simu akueleze mkojo wa baba mkwe wake, uone kama simu hiyo itakuja. Kulikuwa na bango ukutani lililosema mficha maradhi kifo humuumbua. Sista alilibandua akasema limekaa pale miaka mingi na hajamwona mtu hata mmoja aliyesimama mbele yake akabadilika. Watu hawafichi kwa ujinga, alisema. Wanaficha kwa heshima, na heshima huwezi kuitisha kwa kifo. Inabidi uitafutie mlango wake wa kupita.

Mlango wenyewe ulikuwa chai. Alipanga glasi sita juu ya meza ya mafunzo. Ya kwanza maji matupu, ya pili chai nyepesi mno, na kuendelea hivyo hadi ya sita, ambayo ilikuwa nyeusi kabisa. Kila nyumba ikapewa picha ya glasi hizo ibandikwe nyuma ya mlango wa choo. Anayeosha akiona, anapiga simu anataja namba tu. Ya pili. Ya tatu. Hakuna anayetaja mkojo, hakuna anayemtaja baba, na unaweza kusema hivyo sebuleni mbele ya ukoo mzima. Kuanzia ya nne kwenda juu, gari la wagonjwa linaondoka kwanza, maswali baadaye.

Glasi hizo zina historia yake. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alikuja kukagua, akakuta meza imepangwa vizuri, akadhani ni ukarimu. Akaipita ya kwanza na ya pili, akachukua ya tano akainywa yote. Ilikuwa chai halisi, na Sista alijua hivyo, lakini hakuona sababu ya kuharakisha kumtuliza. Alimwacha ageuke aisome picha ukutani kwanza. Ripoti ya ukaguzi ilitusifu kwa mafunzo, haikugusia vinywaji.

Yapo na makosa yetu. Mara moja gari la wagonjwa liliwasha king'ora likapita mji mzima kumfuata mama mmoja aliyeripotiwa ya tano, akakutwa anakuna nazi, mzima, kashinda siku mbili anakunywa juisi ya bitiruti aliyoambiwa inaongeza damu. Tangu hapo tunauliza na chakula cha jana. Kulikuwa pia na mkandarasi mmoja mwenye uwezo wake, aliyejenga nyumba akaweka sinki la choo jeusi, jeusi la kung'aa, la kutoka ng'ambo. Sista alikwenda kulitazama. Alimwambia kwamba sinki ni zuri sana na achague: libaki lenyewe au abaki yeye. Mkandarasi aliweka jeupe, na ndani ya lile jeusi amepanda maua.

Tukiulizwa kama mambo haya yana faida, huwa tunamtaja mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu wa kunyoosha mistari, anayekwenda chooni na gazeti na kutoka bila kumtazama mtu usoni. Pampu yake haikuonyesha tatizo lolote. Fundi wetu wa pampu alikuwa ameipima siku hiyo hiyo akasema inakwenda vizuri. Mchana nyumbani kwao kuna wageni wa posa ya binti, simu ya Sista ikalia, na mke wa mtoto wa mwalimu akasema neno moja: ya nne. Akakata. Vipimo vya damu vilikuta bonge changa. Alitibiwa kwa dawa peke yake, bila kisu. Mwalimu alikasirika miezi mitatu, akisema mkwe wake amemchongea. Sista aliwaita wote wawili, akamuuliza mwalimu ni mwanafunzi gani aliyempenda zaidi maishani, yule aliyemwambia ukweli au yule aliyembebea mkoba. Siku hizi mkwe yule anaitwa mwanangu.

Wauguzi wa hospitali nyingine wamekuja kujifunza kwake, na wengine wamekwenda na glasi zao. Si kwamba Sista hana kasoro. Huimba asubuhi na hajui kuimba. Glavu huzitoa mojamoja kama anatoa mahari. Ukichelewa dakika tano anakuuliza kama huko utokako mlizika. Lakini mgonjwa akilazwa, yeye ndiye anayejua ndugu gani hawaongei, na nani asiwekwe kiti karibu na nani.

Sasa tufike kwa Refa.

Moyo wake ulianza kuchoka miaka miwili iliyopita, na mwanzoni mwa mwaka huu akawekewa pampu hapa hapa. Alikuwa mgonjwa mgumu. Alibishana na fundi kuhusu betri, akabishana na daktari kuhusu chumvi, akabishana na mwandishi wa maneno haya kuhusu kidonge cha kuzuia damu isigande, akitaka kujua kwa nini leo nusu na kesho kizima. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliuliza swali la desturi. Refa alijibu kwamba choo cha kwake kinaoshwa na mke wake, na chumba kizima kikacheka, kwa sababu mkewe ndiye aliyekaa pale kwenye kiti cha mgeni rasmi, mbele ya glasi alizozipanga mwenyewe. Alijibu maswali yote. Tulimpigia makofi.

Mwezi mmoja baadaye Sista alianza kuja kazini na habari njema. Refa amebadilika, alisema. Mwanamume ambaye miaka yote ya ndoa hakuwahi kuosha kikombe, sasa anaamka mapema, anashika brashi, anaosha choo mpaka kinang'aa, halafu anamwandalia mkewe maji ya kuoga. Anasema kazi hiyo mke ameifanya vya kutosha. Sista alisimulia hayo kwenye dirisha la dawa, akasimulia mapokezi, akasimulia jikoni. Akina mama wa kliniki waliona wivu wa wazi. Mke wa daktari wa upasuaji alizisikia, na daktari alikuja kazini siku iliyofuata amenuna. Wote tulifurahi. Tulikuwa tumekaa na swali lile miaka mingi, tumeliuliza mamia ya watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kilichosemwa pale.

Jumanne moja Sista alikuwa nyumbani, likizo yake ya mwisho, anapanga makaratasi ya pensheni. Jumanne ni siku ambayo mfamasia hupigia simu nyumba zote zenye pampu kurekebisha dozi, na mara moja kila nusu mwaka, kama siku hiyo, huuliza upya maswali ya siku ya kuruhusiwa. Sharti ni kwamba hakuna nyumba inayorukwa, hata ya mfanyakazi. Sharti hilo ni la Sista. Kumuuliza Sista maswali ya Sista ni kama kumfundisha samaki kuogelea, lakini kuacha kumuuliza, akijua, ni kutafuta balaa. Simu ikapigwa. Alisema hawajambo. Akatania, akaomba karanga zake zisiliwe. Alipoulizwa nani anaosha choo nyumbani kwao alicheka sana, akasema si nimeshawaambia, ni Refa mwenyewe, mnataka niwahadithie mara ngapi?

Kicheko kikakatika katikati.

Simu haikukatwa. Iliwekwa tu mezani. Zilisikika ndala zinakwenda haraka, mlango ukagongwa kwa kiganja, na Sista akamwita mumewe kwa jina lake, lile la nyumbani, ambalo sisi wa kliniki hatujawahi kulisikia. Kukawa na maneno ya chini. Halafu alirudi kwenye simu akasema, kwa sauti ile ile anayotumia akiagiza pamba: ya tano. Gari lije.

Refa alikuwa ameiona siku nne kabla. Mtu aliyeishi na Sista hawezi kutojua rangi ile ina maana gani, na hawezi kutojua swali litakaloulizwa. Kwa hiyo alijitwalia brashi mapema, kabla rangi haijaonekana, muda mfupi baada ya kurudi nyumbani na kuanza kuhofia, ili siku ikitokea awe yeye peke yake aliyeona. Wagonjwa wametukwepa kwa njia nyingi miaka hii yote. Huyu peke yake ndiye aliyelikwepa swali kwa kulijibu.

Sababu yake aliitoa kwenye gari la wagonjwa, akiwa ameshikwa mkono. Alijua kwamba akirudishwa wodini atakaa, na kuagwa kwa mkewe kulikuwa kumekaribia. Alisema huyu mwanamke ameamka maisha yake yote kwa ajili ya waume wa watu. Krismasi, Idi, harusi za wadogo zake, simu ikilia anakwenda. Alitaka siku moja tu akae kiti cha mbele, asifiwe, asiwe na mgonjwa wa kumfikiria, na yeye Refa awe pembeni yake amevaa suti. Baada ya sherehe angemwambia. Siku kumi na kitu tu, angevumilia. Kwa kifupi, refa mzima aliongeza dakika za nyongeza ambazo hazikuwa zake kuongeza.

Sista hakulia nyumbani wala garini. Alilia kwenye korido ya wodi, akiwa amesimama, mkoba bado uko begani. Daktari wa upasuaji alimwambia mganga hajigangi, asijilaumu. Alimjibu kwamba kinachomuuma si kufichwa. Kufichwa amekuzoea, ndiyo kazi yake. Kinachomuuma ni kwamba alifurahi. Alilitazama sinki la choo chao kila asubuhi linang'aa, na akafurahi, na akaja kutusimulia.

Dawa ya mshipani iliwekwa mchana ule ule. Fundi alikaa na mashine akitazama umeme unaovutwa na pampu, ambao ulikuwa umeanza kupanda kwa sababu ya bonge. Chumba cha upasuaji kiliandaliwa, kwa sababu bonge lilikuwa kubwa kuliko la mwalimu, na daktari alisema bila kuficha kwamba hawezi kuahidi kuwa moyo wa Refa utahimili kisu cha pili. Siku mbili za kwanza hakukuwa na nafuu. Sista alikaa pembeni ya kitanda, si kama muuguzi. Alikatazwa kugusa chochote, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alitii. Siku ya tatu muuguzi wa wodi alitoka chooni na chombo mkononi, akasimama mlangoni, akasema ya tatu. Kesho yake akasema ya pili. Siku hiyo hakuna aliyejificha kulia, hata fundi, ambaye huwa anasingizia mafua.

Ndiyo maana sherehe haitakuwa ukumbini kama kadi zilivyosema mwanzo. Itakuwa kwenye korido ya wodi ya moyo, saa tisa alasiri, kwa sababu Refa bado hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na kiti cha mbele ni chake. Wageni wanaombwa waje na viti vyao na wasipige vigelegele vya kuamsha wodi ya jirani. Mwenye suti ameshaletewa suti, na betri zitakaa mfuko wa kulia. Ameomba apewe kipaza sauti. Bado tunajadiliana.

Kabla ya kukabidhi ofisi Sista aliacha sharti jipya. Swali halitasubiri tena nusu mwaka baada ya siku ya kuruhusiwa, litaulizwa kila wiki, kwa sababu brashi huhama mikono. Na ikihamia kwa mgonjwa mwenyewe, hata kwa nia nzuri, hata akiwa ni mume wa mtu tunayempenda, tunakwenda siku hiyo hiyo tukaangalie wenyewe. Tayari tumekwenda nyumba mbili. Moja tulikuta mume mwema tu, tukamwomba radhi. Nyingine tulikuta ya nne kwa mama mmoja, naye yuko kitanda cha tatu kutoka kwa Refa, anaendelea vizuri.

Sista, asante kwa miaka hii. Asante kwa masharti tuliyoyanung'unikia na glasi ambazo hakuna anayethubutu kuzinywa. Asante kwa watu wengi wanaotembea mjini leo bila kujua kwamba waliokolewa na wifi, mkwe au shemeji aliyetaja namba moja akakata simu. Hospitali inakushukuru, na sisi wa kliniki tunakushukuru kwa namna yetu, ambayo ni pamoja na kukurudishia kopo la karanga likiwa limejaa.

Tunakutakia maisha mema na marefu, wewe na mumeo, yenye usingizi wa kutosha na simu chache. Lakini kuna jambo moja tumelizungumza ukiwa haupo, na tumekubaliana sote, daktari akiwemo. Wewe unasema unakwenda nyumbani kumlinda Refa, na tumekuona siku hizi unavyomtazama, kama unamkagua. Sista, lile halikuwa kosa la muuguzi. Mwanamke alimwona mumewe ameshika brashi kwa ajili yake, akafurahi. Hatutaki hilo likuishe. Mumeo akikuandalia maji, oga. Akikuoshea choo, mshukuru na umsifu kwa majirani. Kazi ya kumtilia shaka tuachie sisi.